Kutoka Tempelhofer Feld hadi Kreisliga C: shajara ya klabu ya soka ya Waafrika Mashariki mjini Berlin

Shajara hii naiandika kama katibu wa klabu, kwa ajili ya wenzetu wa Hamburg, Köln na kwingineko Ujerumani ambao kila tukikutana harusini au msibani swali lao ni moja: mlianzia wapi, na imewagharimu kiasi gani? Jina la klabu nimeliweka kando, na majina ya watu pia. Mazoezi na mbinu nitayapita haraka, maana kila kocha ana yake. Pale tulipokwama ndipo nitakapokaa.

Oktoba 2022: kundi lipo, klabu hakuna

Tunacheza Jumapili kwenye Tempelhofer Feld, ule uwanja wa ndege wa zamani uliofunguliwa kwa umma mwaka 2010. Watanzania, Wakenya, Wakongo wa mashariki, Warundi, na Mkomoro mmoja anayedai kila goli ni lake. Kiangazi mambo ni matamu. Lakini saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, ikifika saa kumi na moja jioni giza limetanda, malango yanafungwa, na taa za kuchezea hakuna.

Viwanja vyenye taa viko chini ya wilaya, na wilaya hugawa nafasi kwa vyama. Kundi la WhatsApp si chama. Wazo la kusajili lilitoka hapo. Waliotuona baadaye na bendera tano ukingoni walidhani tulisukumwa na uzalendo. Tulisukumwa na kutafuta taa.

Mzee mmoja wa Tanga, aliyekuwa Berlin tangu kabla ukuta haujaanguka, aliuliza: "Wanangu, kwani mmekosa timu za kujiunga nazo?" Swali la haki. Wengi wetu tumepita kwenye klabu za mtaani, na wapo waliopendwa huko wakabaki. Ila mtu anayefanya kazi za zamu ghalani au hospitalini hawezi kufika mazoezini Jumanne na Alhamisi bila kukosa, na aliyeingia nchini mwezi uliopita haelewi kocha anasema nini. Kwetu anapata mpira na mtu wa kumsomea barua aliyotumiwa na ofisi. Kuna Jumapili ambazo barua zinazosomwa pembeni ni nyingi kuliko pasi zinazofika.

Gharama hadi sasa: mipira miwili na koni, euro 60.

Desemba 2022: jina

Tulidhani jina litachukua nusu saa. Lilikula mwezi mzima. Kila pendekezo lilikuwa na mwenyewe: mlima wa nchi moja, ziwa la nchi mbili, mnyama ambaye tayari ni klabu Dar es Salaam, jambo ambalo wapenzi wa Yanga waliokuwepo walilikataa hata kabla halijaandikwa.

Kilichotusaidia ni historia ya hapa hapa. Vijana wa Kituruki wa Kreuzberg, mtaa wa Berlin, walianzisha timu yao mwaka 1978. Kwa muda ilijulikana kama Izmirspor, kwa jina la mji wa Izmir, lakini wachezaji na mashabiki walikuwa wametoka kila pembe ya Uturuki. Mwaka 1987 ikawa Türkiyemspor, na kwa jina hilo ikatwaa Kombe la Berlin mara tatu, 1988, 1990 na 1991. Waliobeba jina la mji mmoja walilazimika kulipanua. Tukakubaliana: jina lisiwe la nchi wala la mlima. Sheria nayo ina sharti lake, kwamba jina litofautiane waziwazi na la chama kingine kilichosajiliwa mji huo huo. Litafuteni kwenye daftari la vyama kabla hamjachora nembo.

Februari 2023: mkutano wa kuanzisha

Hatua zenyewe ni fupi. Ili chama kiandikwe na kupata herufi e.V., yaani chama kilichosajiliwa, nyuma ya jina, kinahitaji wanachama wasiopungua 7. Wakishuka chini ya 3, mahakama hukifuta. Katiba, yaani Satzung, itaje jina, makao, lengo na nia ya kusajiliwa. Ieleze namna ya kuingia na kutoka, ada, uongozi, na jinsi mkutano mkuu unavyoitishwa. Mnapiga kura, mnaandika muhtasari, wale saba wanasaini. Viongozi wanaenda kwa Notar athibitishe saini zao, kisha karatasi zinapelekwa mahakamani. Kwa Berlin yote daftari la vyama liko Charlottenburg. Tulilipa euro 35 kwa Notar na euro 75 kwa mahakama.

Kuna jambo moja halimo kwenye miongozo mingi. Siku mbili baada ya mkutano, kijana mmoja mwenye moyo aliagiza jezi kwa jina la klabu. Klabu ilikuwa bado haijaandikwa, na katika hali hiyo sheria humbana aliyetia saini: deni ni lake binafsi, kwa mali yake mwenyewe. Duka lilikubali kuahirisha oda, tukapumua. Tangu hapo amri ya kamati ikawa moja: hakuna kuagiza chochote kwa jina la klabu hadi nakala ya daftari iwe mkononi. Benki pia haikufungua akaunti bila nakala hiyo.

Mei 2023: katiba inarudi

Hapa ndipo tulipopigwa hasa, na ndipo ningependa wengine wasome mara mbili.

Kusajiliwa ni jambo moja, kutambuliwa kuwa chama cha manufaa ya umma ni jingine. Bila utambuzi huo hakuna msamaha wa kodi, hakuna risiti za michango, na uwanja wa wilaya unabaki ndoto. Anayeamua ni ofisi ya kodi, kwa kusoma katiba neno kwa neno. Ya kwetu ilirudi na barua ya kurasa mbili. Kifungu cha uanachama kilisema mwanachama awe "mzaliwa au mwenye asili ya nchi inayozungumza Kiswahili". Kwa sheria ya kodi, klabu inayolifungulia mlango kundi moja tu haiuhudumii umma. Pia lilikosekana fungu linalosema mali itakwenda wapi klabu ikivunjwa. Maneno ya fungu hilo yameshaandikwa tayari kwenye katiba ya mfano iliyoambatishwa na sheria yenyewe, ni ya kunakili tu.

La mali halikuwa na ubishi. La mlango liliwasha moto. Baadhi waliona tunanyang'anywa klabu kabla haijacheza mechi. "Tumehangaika sisi, halafu aje mtu yeyote?" alisema dada mmoja ambaye ndiye aliyekuwa amekusanya michango yote ya mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze.

Niliwasomea habari za Hibernian, klabu ya soka ya Edinburgh, Scotland. Wahamiaji wa Ireland waliianzisha mwaka 1875 kupitia chama cha vijana Wakatoliki wa parokia, na asiye wa chama hicho hakupokelewa. Ilipata sifa kubwa, ikatwaa Kombe la Scotland mwaka 1887. Ndani ya miaka michache ikasambaratika, na wachezaji wake wengi wakahamia Celtic ya Glasgow, klabu nyingine ya Waireland ambayo haikuuliza mchezaji anasali wapi. Ilipofufuliwa miaka ya mapema ya 1890, Hibernian ilirudi ikiwa imeondoa sharti la dini, na mpaka leo hakuna anayeshuku asili yake ya Kiireland. Sidai kwamba hadithi hiyo ilimshawishi kila mtu. Wengine walishawishiwa na mvua na giza.

Tukabadilisha. Uanachama sasa uko wazi kwa yeyote anayeikubali katiba; lengo ni kukuza soka na kuwakutanisha wakazi wa asili mbalimbali. Kiswahili hakimo kwenye kifungu chochote, na ndicho kinachosikika uwanjani kuanzia kupasha misuli hadi matusi.

Kumbe kubadilisha nako kuna mtego. Sheria ya kiraia inataka robo tatu ya kura kubadilisha katiba, lakini kugusa *lengo* la chama kunahitaji ridhaa ya wanachama wote, hata wasiohudhuria, kwa maandishi. Hivyo ndivyo ilivyo kama katiba yenu haijaweka utaratibu wake. Ya kwetu haikuwa nao. Mwanachama mmoja alikuwa amehamia Leipzig, mwingine yuko Mwanza kwa msiba wa mama yake. Kumwandikia mtu aliyefiwa akupe saini ya kifungu cha lengo ni jambo ambalo kamati nzima ililikwepa, kila mmoja akimsukumia mwenzake, mpaka mzee wa Tanga akapiga simu mwenyewe, akatoa pole, akasubiri, na mwisho wa mazungumzo akaligusia. Saini ilifika kwa posta.

Notar tena, euro 35. Mahakama kwa mabadiliko, euro 50. Usajili wote umekuwa euro 195 badala ya 110. Dawa ni hizi mbili: pelekeni *rasimu* kwenye ofisi ya kodi kabla ya mkutano wa kuanzisha, huwa wanaipitia bila malipo, na andikeni ndani ya katiba ya kwanza kwamba hata lengo linaweza kubadilishwa kwa robo tatu ya kura.

Barua ya utambuzi ilifika kabla ya mwisho wa kiangazi. Ilifuatiwa na barua nyingine yenye nembo ya tai, ikidai ada ya "kuandikishwa kwenye rejista". Hiyo ni ya matapeli. Wanasoma matangazo ya vyama vipya na kuvitumia ankara. Kabla ya kulipa, angalieni akaunti ya benki iko nchi gani.

Septemba 2023: uwanja, jezi

Kwa Berlin, chama cha michezo kinachotambuliwa kuwa kinastahili msaada hutumia viwanja vya umma bila kulipia. Tatizo ni nafasi, maana klabu zinazoomba ni nyingi kuliko nyasi. Tumepewa nusu ya uwanja wa nyasi bandia, Ijumaa saa mbili na nusu usiku. Nusu nyingine wapo wazee wa klabu jirani ambao mipira yao huishia kwetu, na yetu kwao, na sasa tunasalimiana kwa majina.

Jezi, soksi na bukta kwa watu 18: euro 610. Viatu vya njumu za chuma haviruhusiwi kwenye nyasi bandia; wawili walirudishwa getini.

Novemba 2023: hazina

Ada ni euro 10 kwa mwezi, na euro 5 kwa wanafunzi, wasio na kazi na wanaosubiri uamuzi wa hifadhi. Mwanzoni zilikusanywa taslimu uwanjani, kama tulivyozoea kwenye vikundi vya kufa na kuzikana. Daftari la mweka hazina lilikuwa safi, ila fedha zikipita mikononi mwa watu wanne kabla ya kufika benki, manung'uniko hayakosi hata kama senti haijapotea. Sasa kila mmoja ameweka malipo ya kudumu benki.

Kosa zito zaidi lilikuwa kwenye risiti. Mweka hazina wa kwanza, kwa nia njema kabisa, aliwapa wanachama risiti za michango kwa ajili ya ada zao ili wapunguziwe kodi. Klabu ya michezo haina ruhusa hiyo. Mchango wa hiari hupunguza kodi ya mtoaji, ada ya uanachama wa klabu ya michezo haipunguzi. Anayetoa risiti isiyo sahihi anaweza kudaiwa asilimia 30 ya kiasi kilichoandikwa. Tuliwapigia simu wote, tukazikusanya kabla hazijaambatishwa kwenye fomu za kodi. Kwa mchango wa kweli usiozidi euro 300, taarifa ya benki na karatasi fupi ya maelezo vinatosha, kwa hiyo tumeacha kuandika risiti ndogondogo.

Kuhusu kuuza chai, sambusa na mandazi siku za mechi: inaruhusiwa, na mapato ya biashara kama hiyo hayatozwi kodi ya faida ikiwa hayajavuka kikomo cha mwaka, ambacho mwaka 2023 kilikuwa euro 45,000. Kwa mandazi tuna safari ndefu.

Februari 2024: mfadhili

Mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya kwetu alikuja na ahadi: basi dogo, jezi mpya, posho kwa wachezaji watano wazuri. Sharti, awe mwenyekiti, na jina la kampuni yake liunganishwe na la klabu.

Mjadala ulikuwa mkali kuliko ule wa mlango. Waliotaka kukataa walitaja Türkgücü München, klabu ya Waturuki iliyoanzishwa mwaka 1975. Kwa fedha za mwekezaji ilipanda ngazi moja baada ya nyingine, mwaka 2020 ikaingia daraja la tatu la Ujerumani, klabu ya kwanza ya wahamiaji kufika huko. Januari 2022 ikaomba kutangazwa mufilisi, Machi ikajitoa katikati ya msimu, na matokeo yake yote ya msimu yakafutwa. Waliotaka kukubali wakajibu kwamba sisi hatuna hata daraja la kushuka.

Binafsi nilikuwa upande wa kukataa, si kwa sababu ya fedha, bali kwa posho ya watano. Siku ambayo beki wa kushoto anayeosha vyombo usiku atajua kwamba mshambuliaji analipwa, Ijumaa hatutampata. Kura zilituangukia sisi kwa tofauti ndogo. Mfanyabiashara alinuna, kisha akanunua wavu wa magoli bila sharti. Tulimshukuru kwa maandishi, na risiti hiyo ilikuwa halali.

Machi 2024: Ramadhani

Ramadhani imeanza tarehe 11. Nafasi ya saa mbili na nusu usiku tuliyokuwa tukiilaani imegeuka neema: futari inaliwa, sala inasaliwa, watu wanafika. Kocha amepunguza mbio. Wakristo wetu, waliokuwa kwenye Kwaresma, walileta tende.

Julai 2024: usajili wa wachezaji

Tumeingiza timu Kreisliga C, ngazi ya chini kabisa Berlin. Usajili wa mchezaji unafanywa mtandaoni, picha na kitambulisho. Kwa aliyezaliwa na kucheza hapa ni dakika chache. Kwa sisi wengine swali ni moja: umewahi kusajiliwa na klabu ya nchi nyingine?

Wengi walijibu "hapana" kwa sababu walifikiri wanaulizwa kama walikuwa wachezaji wa kulipwa. Sivyo. Mtu aliyewahi kuandikishwa na shirikisho la nje, hata ligi ya wilaya bila kulipwa shilingi, anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa, ile ITC, na sharti hilo huanzia umri wa miaka 10. Shirikisho la hapa huiomba kutoka shirikisho la kule. La kule likikaa kimya hadi muda wa kanuni upite, mchezaji anaweza kuruhusiwa kwa muda. Kwa mkimbizi ambaye ombi hilo lingeweza kumhatarisha yeye au jamaa zake, semeni mapema kabisa, kabla maombi hayajatumwa, maana kanuni za kimataifa zinayatambua mazingira hayo. Tuna mchezaji mmoja wa aina hiyo. Sitaeleza zaidi.

Wale waliotoka klabu za Berlin walitakiwa kujiondoa kufikia tarehe 30 Juni. Wawili walichelewa. Bila ridhaa ya klabu ya zamani, wanakaa nje mpaka miezi sita ipite tangu mechi yao ya mwisho.

Oktoba 2024: mechi

Tunafungwa. Mechi ya kwanza tuliongoza hadi mapumziko, kisha pumzi zikatuishia. Kipa wetu ni Msyria aliyejiunga baada ya mlango kufunguliwa, maneno yake ya Kiswahili ni "yangu!", "toka!" na jingine ambalo tumemwomba asiliseme mbele ya watoto.

Mechi tuliyoshinda tumenyang'anywa. Mshambuliaji aliyefunga alikuwa amejibu "hapana" mwezi Julai, na jina lake likaonekana kwenye kumbukumbu za nyumbani. Wapinzani wakapewa pointi za mezani, sisi faini. Hakudanganya, alicheza msimu mmoja wa ligi ya mkoa akiwa sekondari na kadi yake ya usajili hakuiona kamwe, ilikaa kwa mwalimu. Kwa hiyo msiulize "umewahi kusajiliwa?" Ulizeni: "Uliwahi kucheza timu gani, wapi, mwaka gani, na nani alikuwa anashika kadi?" Fomu yetu mpya ina maswali hayo kwa Kiswahili, na imeibua watatu zaidi.

Gharama iliyotushtua ni ya waamuzi. Kila klabu inawajibika kutoa waamuzi kwa shirikisho, ikikosa inalipa. Hakuna aliyetaka. Kilichofungua njia ni kitambulisho cha mwamuzi, kinachomwezesha mwenyewe kuingia bure mechi nyingi za Ujerumani, hata Bundesliga, tiketi zilizotengwa zikiwepo. Dada aliyebishana kuhusu mlango ndiye wa kwanza kujiandikisha kozi. Amefaulu. Juzi alichezesha mechi ya vijana huko Spandau na kumtoa kocha nje.

Aprili 2025: watoto, na yanayofuata

Wanachama sasa wanajumuisha watoto, wengi wao mabinti, kwa sababu mama zao walichoka kuwaona kaka pekee wakipelekwa. Makocha wa watoto lazima waonyeshe cheti cha polisi cha aina ya kina. Kwa wanaojitolea hakilipiwi, klabu inawaandikia barua tu. Familia zinazopokea msaada wa serikali hupata euro 15 kwa mwezi kwa ajili ya ada ya mtoto. Fomu ni ndefu, tumeijaza mfano mmoja na kuubandika kwenye kabati la vifaa. Mwalimu wa michezo anaweza kupewa posho isiyotozwa kodi hadi kikomo cha mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 3,000. Tunazo za kumpa mmoja, nauli tu.

Yaliyobaki mezani: nafasi ya pili ya uwanja kwa mabinti, kabla ya saa moja jioni, ombi limeshapelekwa wilayani; mwamuzi wa pili; na kabati jipya, la sasa mlango wake haufungi. Ingizo linalofuata litakuja wilaya ikishajibu.